Kidonge cha Wageni

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kusema na wewe bila shikamoo. Ungenikatiza na kunirudisha mlangoni niingie upya, kama ulivyokuwa ukitufanyia utotoni. Basi nimeingia kwa adabu. Sasa nisikilize, na leo usinikatize.

Barua hii sitaikunja nikaiweka kabatini. Anayetaka kusoma asome. Wewe mambo yako yote uliyasema mbele za watu, umesimama kando ya altare na koti lako la kahawia, umeshika karatasi ya matangazo ambayo hukuwahi hata kuitupia jicho. Hata hili ulilonifanyia ulilisema hadharani, mimi tu ndiye sikuwepo. Nami nakujibu hadharani.

Asiyekujua aelewe kwamba ulikuwa katekista wa kigango chetu cha Kasansa, kikanisa cha kijijini ambacho padri alikifikia alipopata nafasi. Jumapili zilizobaki zote zilikuwa zako. Ulifundisha sala, ulizika, ulikaa katikati ya wafugaji na wakulima ng'ombe walipoingia kwenye mpunga, na hakuna mtu aliyethubutu kuinuka ukiwa bado unasema. Mimi ni binti yako, mtafiti wa magonjwa ya moyo na shinikizo la damu, ambalo wewe na mimi na kila mtu tunaliita presha. Uliniita mama kwa kuwa nilipewa jina la mama yako. Hata siku ulizonichapa uliniita mama. "Mama, sogea hapa." Sijaona fimbo yenye heshima kama ile.

Unakumbuka shangazi alivyoanguka? Dada yako mwenyewe, katikati ya mavuno, ungo wa mpunga kichwani. Mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukawa unaning'inia kama si wake. Nyumba nzima iligawanyika. Baba wadogo walisema katumiwa kitu na jirani waliyegombania naye mpaka wa shamba, wakataka abebwe kwa mganga siku ileile. Ulikataa. Ulikaa naye kwenye mkeka na rozari yako mpaka alipokata roho, na ukamzuia kila mtu kulitaja jina la yule jirani. Baada ya mazishi nilikufuata nyuma ya nyumba nikakuuliza shangazi aliumwa nini. Wewe uliyekuwa na jibu la kila swali, uliyewahi kutueleza bila kusita kwamba malaika hawana kitovu, ulisema, "Sijui, mama. We kasome uje utwambie."

Nadhani neno hilo ulilisahau kabla ya ugali wa jioni. Mimi sikulisahau. Nilipanda nalo darasa hadi darasa, nikaenda nalo Dar es Salaam kusomea udaktari, na nilipojifunza kwamba ugonjwa wa shangazi unaitwa kiharusi na kwamba mara nyingi presha ndiyo inayoutengeneza, nilikaa kwenye ngazi za chuo nikalia kwa hasira. Kumbe ugonjwa ule ulikuwa na jina. Kumbe ulikuwa na dawa, tena vidonge vidogo ambavyo mtoto angeweza kuvichezea kama shanga.

Nikafanya kazi kwenye wodi zilizojaa akina shangazi. Kila kitanda kina mdomo ulioenda upande, na miguuni pake amekaa ndugu anayesubiri nipite peke yangu aniulize kwa sauti ya chini kama kweli hakuna mtu aliyemchezea mgonjwa wake. Niliwajibu wote. Lakini niliwajibu mambo yakiwa yameshaharibika, na hilo lilinichosha kuliko zamu zenyewe. Nikaacha wodi nikaingia kwenye utafiti, ili niwafuate watu wangali wanatembea. Wenzangu walinicheka. Presha haina sura, walisema, hakuna atakayekushukuru. Ni kweli haina sura. Malaria inamtetemesha mtu mpaka jirani anajua, kipindupindu kinatisha kijiji kizima, lakini presha inakaa ndani ya mtu anayepalilia, anayeimba kwaya, anayekuambia yuko fiti. Siku anapoijua, mara nyingi hawezi tena kuizungumzia.

Ilipotokea nafasi ya kurudi Katavi, mkoani kwetu, niliirukia. Nikapanga nyumba Misunkumilo, pembeni mwa mji wa Mpanda ambako bado mtu anaweza kupanda mahindi nyuma ya choo, na Krismasi ya kwanza nikaja Kasansa na mashine yangu ya kupimia. Wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kufungwa kile kitambaa mkononi, pale barazani. Jibu lilipotoka nikakupima tena. Nikabadilisha mkono. Presha yako ilikuwa ya mtu ambaye hapaswi kuwa amekaa anacheka.

"Mashine imechoka na safari," ulisema. "Imeng'atwa na mbung'o kule hifadhini ulikopita."

"Baba, sitanii."

"Na mimi sitanii. Naumwa wapi? Nionyeshe ninapoumwa."

Sikuweza kukuonyesha, na huo ndio ubaya wa ugonjwa niliouchagua. Nilikuachia dawa, ukazimeza wiki kadhaa, kisha ukaacha kwa sababu ulijisikia mzima. Nikakueleza kwamba hizi ni za kila siku, maisha yako yote. Ukaniuliza ni dawa gani hiyo isiyoponya. Mama alicheka mpaka akaenda kujificha jikoni. Nami nilicheka, nikijua kwamba nitakushinda polepole.

Ndipo ukaja mradi. Jina lake silitaji, wanaohusika nao wanaujua. Wazo lake nilikuwa nalo tangu wodini: badala ya mtu wa Kasansa kungojwa mpaka afike hospitali akiwa amebebwa, dawa zimfuate nyumbani kwake. Kila kijiji kilikuwa na mhudumu wa afya aliyegawa vidonge na kuuliza kama vinamezwa, na sisi tulikuja mara kwa mara kupima kama presha zinashuka. Kwa vile watu wa bonde letu wako mashambani tangu alfajiri, tulitanguliza taarifa kwamba siku fulani watafiti watafika, tafadhali watu wabaki. Taarifa ilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti, kwa kuwa si mjinga, alikupa wewe uitangaze Jumapili. Ulikuwa utaratibu wa kawaida kabisa. Sijui mtafiti anayeingia vijijini kwetu kwa njia nyingine.

Baba, ulivyotupokea! Ungedhani anakuja askofu. Njia imefagiliwa kutoka barabarani hadi kanisani, mikeka imetandikwa, kina mama wamevaa vitenge vya sikukuu. Na wote, wanaume kwa wanawake, wamevaa mikono mifupi, kwa sababu ulikuwa umeona siku ile barazani jinsi shati la mikono mirefu linavyosumbua kile kitambaa. Uliwakalisha kimya kabla ya kupimwa ili mioyo itulie. Mzee mmoja alipotaka kusimulia habari ya ng'ombe wake aliyepotea ulimtazama mara moja tu, akameza maneno. Mkubwa wangu wa kazi, profesa aliyekuja kutoka Dar, aliniambia hajawahi kuona kijiji chenye nidhamu namna ile. Akakupongeza wewe mwenyewe.

"Tumefundishwa na binti yetu," ulimjibu, ukanitazama.

Niseme bila kuona haya kwamba katika maisha yangu yote sijawahi kuwa na furaha kama ya siku ile.

Na presha zilishuka. Kila tulipokuja zilikuwa nzuri, na yako ilikuwa miongoni mwa nzuri zaidi. Vijiji vingine vilipanda na kushuka, lakini Kasansa ilituthibitishia kwamba jambo hili linawezekana. Ndiyo iliyoonyeshwa kwenye ukuta wakati wa mkutano mjini Mpanda, mbele ya wakubwa, na wakapiga makofi, na ikaamuliwa kwamba mpango upelekwe wilaya nyingine vilevile ulivyo, bila kubadilishwa kitu. Nilitoka ukumbini kabla ya chakula nikakupigia simu. Nikakusomea matokeo. Ukasema, "Basi umetwambia, mama." Nililia kwenye korido, wahudumu wa chai wananipita na birika.

Msimu uliofuata, wewe ukaanguka.

Ulikuwa unafundisha watoto wa Komunyo ya kwanza, alasiri, jua linawaka. Waliniambia ulisimama katikati ya Amri Kumi ukawa unatafuta neno, na watoto wakadhani unawajaribu, wakakusaidia kulisema. Vijana wawili walikubeba kwenye pikipiki, wewe katikati yao, mpaka Majimoto, na kutoka pale gari la wagonjwa likapita nawe hifadhini hadi Mpanda. Mimi nilishafika hospitali nakungoja. Walipokushusha nilijua kabla sijakugusa. Mdomo ule nilishauona.

Daktari wa zamu, kijana mwenye adabu, aliniuliza kama una presha.

"Anayo, ila imedhibitiwa," nilimwambia. "Yuko kwenye utafiti wangu. Najua presha yake."

Akakupima, akanigeuzia mashine nijionee. Nikamwambia mashine yake mbovu. Hapo ungecheka, baba, maana nilisema maneno yako yaleyale. Nilikimbia hadi kwenye gari nikaleta ya kwangu, na ya kwangu ikasema kama ya kwake.

Hukusema tena. Jicho moja lilinifuata kila nilipohama upande wa kitanda, na nimeshinda siku nyingi najiuliza lilitaka nini. Siku moja naamini ulitaka kuniambia. Siku nyingine naamini ulitaka maji tu. Ulituacha kabla wiki haijaisha, mama amekushika mguu.

Kwenye mazishi watu walijaa hadi mashambani. Mimi nilisimama pale na swali moja lisilo na adabu: imekuwaje? Mtu ambaye presha yake ni nzuri namna ile haanguki namna hii. Niliwaza vidonge vyetu ni bandia. Niliwaza vimepigwa na joto njiani vikaharibika. Nilikuwa nimeshapanga kuvichukua vichache nivipeleke vikapimwe, nikitoka tu matangani.

Sikulazimika. Tulikuwa tumekaa tunachambua mchele wa waombolezaji, mimi na Bibi Skola, yule mwenyekiti wa jumuiya yenu ya kanisani aliyekuwa akinibeba tangu nina kamasi. Aliniona nimeduwaa na ungo mapajani, akaona anifariji.

"Nyamaza mwanangu. Baba yako kaondoka na furaha. Hatujakuangusha hata mara moja."

"Hamjaniangusha kivipi, bibi?"

"Si zile dawa! Kila nyie mkitaka kuja, katekista anatwambia kanisani: wageni wa binti yangu wanafika Alhamisi, haya, kuanzia leo kila mtu ameze, asije mtu akamtia aibu mtoto mbele ya wakubwa zake. Tunameza wote, tena kwa muda wake. Mkishaondoka ndo tunaacha."

"Na siku nyingine?"

"Siku nyingine zinakaa tu. Sa utazimalizaje, na pale zahanati kila siku zimekata? Zangu zipo, nimezitunza. Za baba yako labda umuulize mama yako."

Aliniambia kwa fahari, baba. Alinishika mkono na ule mkono wake mgumu, akatabasamu na macho yake mekundu, akingoja nifarijike.

Nilimuuliza mama. Akaingia chumbani akatoka na zako, karibu zote, zimefungwa kwenye kitambaa safi alichokipiga pasi.

Nimejaribu kuwakasirikia watu wa Kasansa, nimeshindwa. Mtu aliyezoea kwenda zahanati akaambiwa dawa hakuna, rudi wiki ijayo, hawezi kumeza kidonge cha mwisho kwa moyo mweupe. Anakitunza kama anavyotunza mbegu. Na kitu kizuri kikiwekwa, kinatolewa akija mgeni. Ndivyo tulivyolelewa. Kuku hakuchinjwa kwa ajili yetu watoto, vikombe vya kabatini hatukunywea sisi. Nasi watafiti tulipokuja kama wageni, mlitupa kilicho bora mlichokuwa nacho. Yule mhudumu wa afya alipopita kuuliza kama vidonge vinamezwa, nani angemjibu hapana, ilhali katumwa na binti wa katekista? Nikiwa nimetulia nayaelewa yote haya, na hata nikitazama nyuma siwezi kumwonyesha mtu kidole.

Wewe nakukasirikia. Nakukasirikia sana, na nataka ulijue hili huko uliko. Wewe hukuwa Bibi Skola. Wewe nilikukalisha barazani nikakueleza kwa Kiswahili, na kwa Kipimbwe pale Kiswahili kiliponiishia, kwamba dawa hii ni ya kila siku. Wewe ndiye uliyemkatalia mganga wakati ndugu zako wote wanakupigia kelele. Ulikuwa na kichwa cha kutosha. Uliposimama kando ya altare kuwaambia wameze kuanzia leo, ulijua maana yake ni kwamba jana hawakumeza. Hukutaka niaibike. Baba, kazi yangu yote ni kuaibishwa na presha za watu. Mtafiti anakwenda kijijini kusudi aaibishwe, arudi ajipange upya. Wewe ulinifagilia njia nikapita kwa raha mpaka kwenye jeneza lako. Ulinipenda, najua. Ulinipenda vibaya.

Nikamweleza profesa kwa simu. Alinipa pole ya kweli, alikupenda yule mzee. Kisha akasema tunaweza kuitoa Kasansa kwenye ripoti kimyakimya, tuseme taarifa zake hazikukamilika, maisha yaendelee. Nililifikiria jambo lile, sikufichi. Lakini vijiji vingine navyo vina makatekista, vina masheikh, vina wenyeviti wanaowapenda watoto wao na wageni wao. Mpango ule ukipelekwa wilaya nyingine jinsi ulivyo, utatanguliza taarifa zake, utafagiliwa njia zake, na watu watakufa wakiwa na presha nzuri kwenye karatasi zetu. Na mtu yeyote akitaka kujua kwa nini nasema hivyo, lazima nimwambie kilichotokea Kasansa na nani alikifanya. Haikuwezekana kuusema ukweli wenyewe nikakuacha wewe nje yake.

Mama alijua ninachotaka kuandika kabla sijamaliza kumwambia.

"Utamwita baba yako mwongo, na kaburi lake bado bichi?"

"Simwiti mwongo, mama."

"Utaita nini sasa? Huyu bwana kasimama kanisani miaka yote. Kafundisha hao watu kusali. Leo waseme alikuwa anawafundisha kudanganya, tena kasema binti yake mwenyewe, msomi. Na mimi nipite wapi? Niende kisimani na uso gani?"

"Mama, watu watakufa."

"Watu wanakufa siku zote. Baba yako kafa mara moja, we unataka kumuua ya pili." Akafunga kanga yake vizuri. "Ukiandika, mimi na wewe basi."

Niliandika. Sikulitaja jina lako kwenye ripoti, lakini niliandika "katekista", na Kasansa katekista alikuwa mmoja.

Yaliyofuata ni mabaya, siwezi kukupambia. Mpango wa kwenda wilaya nyingine umesimamishwa, na hapo nilikuwa sahihi. Lakini vidonge vya Kasansa navyo vimesimamishwa mpaka mambo yachunguzwe upya, na hilo sikulitaka wala sikuweza kulizuia. Nilikuja kigangoni mwenyewe kuwaeleza. Aliyeshika nafasi yako, bado anatetemeka midomo akisoma, alinipisha baada ya ibada. Nikawaambia mliyonifanyia mmeyafanya kwa upendo, nimewaelewa, lakini dawa mlizotunza zileteni nizitazame, zilizo nzima tuanze kumeza leo, msinisubiri mimi wala mgeni yeyote. Bibi Skola akainuka nikiwa bado nasema, akatoka. Wengi wakamfuata. Mzee mmoja aliyebaki kwenye benchi akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo tulimtii katekista, na tumekosea?" Nikamwambia ndiyo, tumekosea wote. Akaitikia kwa kichwa, akachukua kofia yake akaenda.

Wachache waliniletea dawa zao. Nyingi zilikuwa zimepitwa na wakati.

Tangu hapo mwimbaji mmoja wa kwaya, yule wa sauti nzito uliyekuwa ukimtania kwamba anaimba kama trekta, ameanguka. Yuko hai, hatembei. Kuna wanaosema ameanguka kwa sababu nimewakatia dawa, na kila nikitaka kuwajibu nakumbuka kwamba dawa kweli zimekatika.

Kisha nikaenda kwa mama. Sikutanguliza taarifa. Nilimkuta asubuhi anapepeta mahindi, akaiona mashine mkononi mwangu, akaweka ungo chini akageukia mlango wa chumbani.

"Ngoja nimeze kwanza," alisema. Ilimtoka kama salamu.

"Hapana, mama. Hivyo hivyo ulivyo."

Nilidhani atanifukuza, na sijui ningefanya nini angenifukuza. Kisha akakaa kwenye kigoda, akaishusha kanga begani, akanipa mkono huku uso kaugeuzia kule kwenye mashamba. Nilimpima. Nikampima tena. Presha yake haina tofauti kubwa na ile niliyoikuta kwako Krismasi ile. Nilipomwonyesha akasema, "Si ndo ukweli ulioutaka?" Hajaniambia neno lingine mpaka leo.

Ndugu zako ndio waliomlazimisha aje kukaa kwangu Misunkumilo. Amekuja kwa heshima yao, si kwa ajili yangu. Anafagia uwanja, anapika, amepata marafiki wengi kuliko mimi niliyekaa hapa muda wote huu. Akiwa na shida na mimi anamwambia mama wa jirani, nami nipo palepale nasikia: "Mwambie huyo daktari maji yamekatika." Mama wa jirani ananiambia. Namjibu mama wa jirani.

Ninaogopa, baba. Kazi hii nimeifanya miaka mingi, na sasa hivi hofu yangu yote imebaki kwa mtu mmoja. Naamka nasikiliza kama anakohoa, kama ndoo inasogea. Akichelewa kutoka bafuni nasimama nje ya mlango kama mwizi. Najua ninavyojua presha, najua inaweza kumchukua hata akimeza, na najua kwamba ikimchukua leo ataondoka akiwa hajaniita mwanangu.

Kila asubuhi kabla sijaenda kazini naweka kidonge na kikombe cha maji mezani, nasimama. Anajua siondoki. Anakuja, anakichukua, anameza, kisha ananigeukia na kuufungua mdomo wazi, ulimi nje, nione kwamba kimekwenda. Sikuwahi kumwomba afanye hivyo. Anafanya kunikomesha. Halafu anafunga mdomo, anachukua ufagio, anatoka.

Hanisemeshi, baba. Anameza.

Nisamehe kwa kulisema mbele za watu. Nami nitakusamehe, ila bado sijafika huko. Kaa kwa amani.

Binti yako,
Misunkumilo, Mpanda